Kupisha Mradi Bila Kupoteza Mwaka wa Masomo: Mwongozo kwa Wazazi, Kamati za Shule na Viongozi wa Vijiji

Wapima ardhi wanapopita kijijini wakiacha alama nyekundu ya X kwenye kuta za nyumba zinazotakiwa kupisha mradi, maswali yanayotawala mkutano huwa mawili: fidia ni kiasi gani, na italipwa lini. Swali la tatu, la watoto watasomea wapi, mara nyingi huulizwa na mama aliyeketi nyuma wakati mkutano unakaribia kufungwa, naye hujibiwa kwamba suala hilo litaangaliwa. Mwongozo huu umeandikwa ili mama huyo aje mkutanoni akiwa na karatasi mkononi, na swali lake liulizwe mwanzoni.

Umejikita Tanzania Bara, ambako reli, mabwawa, migodi, viwanja vya ndege, njia za umeme na bomba la mafuta vimewataka maelfu ya watu kupisha miradi. Sababu ya kuhitaji mwongozo wa pekee kwa elimu ni rahisi kueleza. Kanuni za mwaka 2001 za uthamini wa ardhi kwa ajili ya fidia, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, zinataja thamani ya ardhi na maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na posho ya upotevu wa faida. Mthamini atahesabu mabati, miembe, migomba na hata makaburi, lakini fomu yake haina mstari wa muhula uliokatika wala wa mtoto aliyekuwa akitembea dakika kumi kwenda shuleni na sasa atatembea saa moja na nusu. Hata Michael Cernea, mwanasosholojia aliyefanya kazi Benki ya Dunia na ambaye orodha yake ya hatari nane za kuhamishwa hutumiwa na wataalamu duniani kote, hakuliweka suala la kukatika kwa masomo miongoni mwa zile nane. Liliongezwa baadaye na watafiti wengine. Kwa hiyo msitegemee kwamba mtu mwingine ameshalikumbuka.

Hatua ya kwanza: andikeni daftari la watoto kabla ya uthamini kukamilika

Mradi huwa na daftari la fidia lenye majina ya wenye mali. Nanyi mnahitaji daftari la watoto, na mahali pazuri pa kulianzia ni shuleni, kwa sababu mwalimu mkuu tayari ana rejista ya mahudhurio. Kamati ya shule ikae na mwenyekiti wa kila kitongoji, wapitie rejista jina kwa jina na kuandika mtoto yuko darasa gani, namba yake ya PReM ni ipi (yaani namba anayopewa kila mwanafunzi katika mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi unaosimamiwa na Baraza la Mitihani), analelewa na nani, anatumia muda gani kufika shuleni kwa sasa, na kama ana ulemavu au ugonjwa unaohitaji uangalizi.

Kazi hii inaonekana nyepesi, lakini watoto wanaopotea huwa ni wale wasiofikiriwa kuwa wamehamishwa. Wa kwanza ni mtoto wa mpangaji. Mpangaji hana nyumba wala ardhi ya kuthaminiwa, hivyo kwa kawaida jina lake haliingii katika daftari la fidia, na siku mwenye nyumba anapolipwa yeye hufunga virago kimya kimya na kuondoka na watoto wake. Mwalimu huja kugundua wiki mbili baadaye kwamba dawati moja liko wazi. Wa pili ni mjukuu anayelelewa na bibi: bibi ndiye mwenye mali, lakini wazazi wako mjini, na fidia ikitoka mtoto huyo hutupwa huku na huko kama mpira. Wa tatu ni mtoto ambaye nyumba yao imebaki ila shamba limeingia katika mkuza, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa mradi. Huyu hahami, lakini sare, daftari na mchango wa chakula vilikuwa vinatoka shambani. Wa nne ni yule anayebaki kijijini baada ya nusu ya wenzake kuondoka. Shule yake hupungukiwa wanafunzi, na kwa kuwa ruzuku ya uendeshaji hukokotolewa kwa idadi ya vichwa (kiwango kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka), shule hiyo hudhoofika bila tingatinga kuigusa.

Wote wanne waandikwe. Daftari litengenezwe katika nakala tatu, moja ibaki kwa mwalimu mkuu, moja kwa mtendaji wa kijiji na moja kwa mwananchi atakayechaguliwa na mkutano, tena awe mtu ambaye yeye mwenyewe anahama, kwa kuwa ndiye atakayekuwa nalo upande wa pili.

Hatua ya pili: ingizeni shule katika mpango kabla haujafungwa

Mradi mkubwa hupitia tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, ambayo msingi wake ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na ukiwa na wakopeshaji wa nje huandaliwa pia mpango kazi wa uhamishaji makazi. Hapo ndipo penye nafasi ambayo fomu ya uthamini haina. Kiwango cha Utendaji Na. 5 cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), toleo la mwaka 2012, na Kiwango Na. 5 cha Benki ya Dunia kilichoanza kutumika mwaka 2018, vinamtaka mwenye mradi ahakikishe maisha ya wanaohamishwa yanarejeshwa walau katika hali ya awali, na hilo linagusa huduma za jamii. Kwa hiyo swali la mapema kabisa kwa afisa mahusiano wa mradi liwe hili: nani anakopesha fedha za mradi huu, na anafuata kiwango kipi? Jibu liandikwe katika muhtasari wa mkutano. Likikosekana, liandikwe kwamba limekosekana.

Kinachoombwa kitajwe kwa idadi. Maombi ya “kuboreshewa elimu” hayana uzito, kwa sababu yeyote anaweza kudai ameyatimiza kwa kupaka rangi ukuta. Tuseme daftari lenu linaonyesha watoto 180 wa shule ya msingi watahamia eneo moja, wasichana 90 na wavulana 90. Kwa kiwango cha kitaifa cha wanafunzi 45 kwa darasa, hao wanahitaji vyumba vinne. Kwa kiwango cha tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, wanahitaji matundu matano ya wasichana na manne ya wavulana. Hesabu hii inafanyika chini ya mti kwa kijiti na mchanga, na mkutano wenye hesabu hauyumbishwi kirahisi. Ongezeni madawati, maji, nyumba za walimu na njia ya watoto kupita.

Hapa lipo kosa linalojirudia mno. Mwenye mradi hujenga madarasa mazuri, utepe hukatwa, picha hupigwa, kisha majengo hukaa tupu kwa sababu jengo ni mali ya mradi lakini shule ni kazi ya serikali. Walimu hupangwa na serikali kupitia TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), na shule mpya haiwezi kupokea walimu, ruzuku wala watahiniwa kabla ya kusajiliwa. Katika meza hiyo hiyo ya mazungumzo awepo basi afisa elimu wa halmashauri, na muhtasari uonyeshe nani anajenga, nani anasajili, nani analeta walimu na kwa tarehe gani. Pale ambapo shule kamili haiwezekani mapema, ombeni shule shikizi kwa ajili ya awali na madarasa ya chini, iliyo chini ya usimamizi wa shule mama iliyokwisha kusajiliwa. Mtoto wa miaka sita hawezi kusubiri usajili, wala hawezi kutembea kilomita sita.

Hatua ya tatu: kalenda ya kuhama ifuate kalenda ya shule

Wakandarasi huhesabu siku, na shule huhesabu mihula. Mkiacha kalenda hizi mbili zigongane, ya mkandarasi ndiyo itakayoshinda. Mwaka wa masomo huanza Januari, na likizo ndefu ni za katikati ya mwaka, kuanzia Juni, na za Desemba. Kipindi kinachoharibu kidogo zaidi ni Desemba, kwa kuwa mtoto huingia darasa jipya pamoja na wenzake wote badala ya kuwa mgeni peke yake. Kinachoharibu zaidi ni kati ya Julai na Novemba, wakati wa mitihani ya taifa: wa kumaliza elimu ya msingi kwa kawaida hufanyika Septemba, upimaji wa darasa la nne hufuata baada ya hapo, na kidato cha nne hufanya wake Novemba.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba mtahiniwa husajiliwa katika kituo miezi mingi kabla ya mtihani, na kituo hakimfuati anapohama. Kwa mtoto wa darasa la mtihani, lengo la kwanza liwe kubaki alipo hadi amalize. Ombeni kaya zenye watahiniwa zipangwe mwisho katika ratiba ya kuhama. Hilo halimgharimu mkandarasi kitu kikubwa, kwa sababu hakuna mradi unaobomoa nyumba zote kwa siku moja.

Ikishindikana, mzazi atalazimika kumwacha mtoto nyuma, na hapa ninaomba msomaji asome polepole. Kumwacha kwa ndugu mwenye familia, kwa makubaliano yanayojulikana na mwalimu mkuu pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, kunaweza kufaa kwa miezi mitatu au minne. Bweni lenye matroni ni bora zaidi. Kumpangishia geto, yaani chumba cha kuishi peke yake, hasa binti wa kidato cha pili au cha nne, ni kumweka mahali ambapo anapika, anasoma, anatafuta kuni na kujilinda peke yake, na walimu wa sekondari za kata wanajua vizuri mambo hayo huishia wapi. Kama mradi una fedha za kurejesha maisha ya waliohamishwa, chakula na kitanda cha bweni kwa watahiniwa wachache ni ombi dogo na la haki. Lipelekeni mapema, likiwa na majina.

Hatua ya nne: fedha

Fidia inapoingia benki, kila mtu mwenye deni la kukudai hukumbuka jina lako. Mzazi atenge fedha za shule siku hiyo hiyo, kabla ya bati la kwanza kununuliwa: sare mpya pale shule mpya inapotumia rangi nyingine, viatu, madaftari, mchango wa chakula, na nauli kama shule ni ya mbali. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, iliondoa ada, lakini haikuondoa gharama hizi. Akaunti ikiwa ya mume na mke kwa pamoja, uwezekano wa fedha hizo kufika shuleni huongezeka; sisemi kwamba akina baba wote hunywa fidia, nasema tu kwamba sahihi mbili hupunguza majaribu.

Zijueni pia posho zenu, kwa sababu kwa kukosekana kwa mstari wa elimu, ndizo zitakazoibeba. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya nyumba kwa miezi 36. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Familia inayokwenda mbali zaidi ya hapo huingia mfukoni, na mara nyingi mfuko huo ndio uliokuwa na nauli ya mtoto.

Ucheleweshaji ndio unaoumiza kuliko kiwango. Kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, fidia isipolipwa ndani ya miezi sita tangu uthamini kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali inaanza kudaiwa na riba. Katika muda huo wa kusubiri familia huwa imezuiwa kujenga au kupanda mazao ya kudumu, hivyo kipato hushuka wakati gharama za shule ziko pale pale. Wakazi wa Kipawa, Dar es Salaam, waliotakiwa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, walifanyiwa uthamini wa mwanzo mwaka 1997 na wakasubiri zaidi ya miaka kumi. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mama yake siku ya uthamini alikuwa amekwisha kuingia madarasa ya juu ya shule ya msingi malipo yalipokuja. Upande wa Uganda wa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, shirika la Human Rights Watch liliripoti mwaka 2023 kwamba kuchelewa kwa malipo kuliziingiza familia katika madeni na kuwatoa watoto shuleni kwa kukosa ada. Kwa hiyo kila mwezi wa kusubiri uandikwe, na watoto walioacha shule katika muda huo waingizwe katika daftari wakiwa na tarehe, kwa sababu hiyo ndiyo hoja mtakayoitumia mkidai riba.

Hatua ya tano: karatasi za uhamisho

Niliwahi kupokea shuleni watoto kumi na mmoja waliofika na wazazi wao katika gari moja la mizigo, pamoja na mbuzi na milango ya nyumba yao ya zamani. Waliokuwa na barua ya uhamisho ni wawili. Wengine tisa waliendelea kuonekana katika mfumo kama wanafunzi wa shule waliyoitoka, na huko walikuwa wakihesabiwa watoro, huku kwangu wakikaa darasani bila kuwemo katika hesabu ya vitabu wala ya ruzuku. Ilituchukua karibu muhula mzima kulinyoosha jambo hilo.

Utaratibu wenyewe si mgumu ukianzwa mapema. Mzazi huomba uhamisho kwa mwalimu mkuu, shule inayopokea huthibitisha kwamba ina nafasi, ofisi za elimu huidhinisha, kisha shule ya awali humhamisha mtoto katika mfumo wa PReM ili shule mpya impokee kwa namba ile ile. Namba mpya isitengenezwe. Mtoto mwenye namba mbili huja kukwama siku ya usajili wa mtihani. Kwa kuwa hapa wanahama wengi kwa mara moja, kamati ya shule iombe uhamisho wa pamoja kwa orodha, na afisa elimu kata wa upande wa pili apewe nakala hata kabla ya gari la kwanza kuondoka.

Kila mtoto awe na bahasha ya plastiki yenye barua hiyo, cheti cha kuzaliwa au walau kadi ya kliniki, na ripoti zake za maendeleo. Bahasha isipakiwe katika mizigo. Aibebe mama.

Kwa walimu wakuu wanaopokea, nina neno moja: mtoto akifika bila karatasi, mketisheni darasani leo, karatasi zitafuata. Kumrudisha nyumbani “mpaka alete uhamisho” ni kumpa ruhusa ya kuanza kuchunga mifugo ya watu.

Hatua ya sita: wiki za kwanza katika shule mpya

Wenyeji nao wana lao la kusema, na ni haki yao. Darasa lililokuwa na watoto 70 linapofikia 110, mzazi mwenyeji haoni mradi wa taifa, anaona mwanawe amesogezwa sakafuni. Ndiyo maana madawati na vyumba vya ziada vinavyoombwa katika hatua ya pili vitamkwe hadharani kuwa ni vya wote, na wajumbe wawili au watatu wa waliohamia waingizwe katika kamati ya shule mapema. Watoto huiga midomo ya wakubwa. Mahali ambapo wakubwa wanawaita wageni “watu wa fidia”, jina hilo litasikika uwanjani siku ya pili.

Mwalimu asimrudishe mtoto darasa la chini kwa sababu tu amekuta mada tofauti. Ampe zoezi fupi la kusoma na kuhesabu, aone pengo liko wapi, amsaidie mwezi mmoja, ndipo aamue. Kwa watoto wa awali na wa darasa la kwanza wanaotoka maeneo ambako nyumbani huzungumzwa Kimasai, Kidatoga au Kisukuma pekee, ni busara kuwaketisha karibu na mwenzao anayejua lugha zote mbili. Mtoto anayekaa kimya wiki mbili si lazima awe mzito wa kuelewa. Pengine anakumbuka mbwa aliyeachwa.

Njia ya kwenda shule ikaguliwe kwa miguu na wazazi kabla ya watoto kuipita. Angalieni makorongo yanayojaa masika, malori ya mradi, na mashimo ya kokoto yaliyoachwa wazi ambayo hujaa maji na kuwavuta wavulana kuogelea. Reli ya kisasa imezungushiwa uzio, kwa hiyo shule inayoonekana ng'ambo kwa macho inaweza kuwa mwendo mrefu hadi kwenye kivuko. Muda upimwe kwa mwendo wa mtoto wa darasa la kwanza.

Hatua ya saba: rudieni daftari

Baada ya miezi mitatu, yule mwananchi aliyekabidhiwa nakala ya daftari na mwalimu mkuu wa shule mpya wapitie majina upya. Kila jina liwe na jibu: anasoma hapa, anasoma kwingine na namba yake imehamishwa, au hasomi. Kwa wasiosoma, mtu aende nyumbani. Atawakuta wengine wanapiga debe stendi, wengine machimboni, na mabinti wakifanya kazi za ndani mjini. Kwa aliyekaa nje muda mrefu upo mpango wa MEMKWA kwa waliokosa elimu ya msingi, na halmashauri inapaswa kueleza darasa la karibu liko wapi.

Ahadi zisizotimizwa zipelekwe kwenye dawati la malalamiko la mradi kwa maandishi, na msiondoke bila nakala yenye namba na tarehe. Lalamiko la mdomo halihesabiwi popote. Zikipita siku walizoahidi bila majibu, nendeni halmashauri na kwa mkuu wa wilaya, kisha Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mradi wenye fedha za Benki ya Dunia unaweza kulalamikiwa pia kwa Jopo lake la Ukaguzi, ambalo lipo tangu mwaka 1993. Wamasai wa Olkaria nchini Kenya, waliohamishwa mwaka 2014 kupisha mradi wa umeme wa jotoardhi, walipeleka malalamiko yao huko na katika Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na mambo yakaingia katika usuluhishi. Kilichowasaidia watu wa namna hiyo ni kumbukumbu: nani aliahidi nini, katika mkutano upi.

Zoezi la kupitia daftari lirudiwe mwisho wa kila muhula kwa miaka miwili, na la mwisho lifanyike baada ya watahiniwa wa kwanza waliohama kupata matokeo. Matokeo hayo yaandikwe pembeni ya kila jina, pamoja na shule aliyopangiwa, na nakala ipelekwe kwa afisa elimu kata na kwa ofisi ya mradi kama bado ipo.